Kufungiwa akaunti kwa kosa la aliyekuwa na simu kabla yangu

Umoja, Nairobi

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

Bwana/Bibi,

KUH: SASISHO LA KUZUIA UDANGANYIFU

Simu yangu ilipokufa nilinunua nyingine ya mtumba Luthuli Avenue. Nilipoingia tu kwenye akaunti yangu ya mchezo wenu wa simu wa kufyatuliana risasi mtandaoni, hata mechi haijaanza, nikaambiwa nimefungiwa kwa kutumia programu za udanganyifu. Kila nikiuliza naletewa ujumbe uleule: uamuzi ni wa mwisho. Mimi sijawahi kutumia programu hizo, na imeniuma sana.

Tangu sasisho hilo mnafungia kifaa, si akaunti pekee. Nairobi simu hupita mikono mingi, na huenda aliyeniachia hii ndiye mliyekuwa mkimtafuta. Ni sawa na kumfungia nyumba mpangaji mpya kwa deni la aliyehama.

Wadanganyifu wenyewe bado wamo. Niliwatumia video ya marudio: alama ya kulengea ya mchezaji mmoja inaruka kutoka kichwa hadi kichwa nyuma ya ukuta wa ghala, wapinzani wakiwa hawajatokeza. Anawafuata hatua kwa hatua, kisha anafyatua mara tu bega la kwanza linapochomoza mlangoni. Huyo anacheza hadi leo.

Kufungia simu hakutamzuia. Mradi seva yenu, yaani kompyuta kuu inayoendesha mchezo, inatuma kwenye kila simu mahali walipo wapinzani wote, hata waliofichwa na kuta, programu yake itasoma tu kilichokwisha kufika. Seva itume kile ambacho mchezaji anaweza kukiona, na ihakiki yenyewe kila risasi inayodaiwa kumpata mtu. Ni kazi ngumu yenye gharama, lakini ndiyo inayomgusa mdanganyifu.

Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinamlinda mtu dhidi ya uamuzi mzito unaofanywa na mashine pekee. Kwa hivyo naomba binadamu aipitie kesi yangu. Alinganishe tarehe ya kosa mnalodai na tarehe ambayo simu hii iliingia kwenye akaunti yangu mara ya kwanza. Kumbukumbu zote mbili mnazo. Risiti ya dukani nimeiambatisha.

Mkikuta kosa lilitangulia, nirudishieni akaunti na vyote nilivyolipia kwa M-Pesa. Nisipojibiwa na mtu, nitapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu