Bakapu yenye baiti 20

Mteja wetu mmoja, mwenye duka la dawa, alitupigia simu baada ya diski ya seva yake kufa. Hakuwa na wasiwasi, kwani kila usiku skripti (faili la amri zinazojiendesha) ilimwandikia "Bakapu imekamilika". Tulipofungua folda tulikuta mafaili ya miezi mitatu, hakuna usiku uliorukwa, ila kila faili lina baiti 20. Hiyo ndiyo saizi ya faili la gzip, programu ya kubana mafaili, lisilo na kitu ndani.

Kwa ufupi, skripti ilikuwa na mstari wa aina hii:

mysqldump duka | gzip > bakapu.sql.gz

Nenosiri la hifadhidata lilibadilishwa, skripti haikuambiwa. mysqldump, programu inayotoa nakala ya hifadhidata, ikakataliwa mlangoni, ikafa bila kutoa hata herufi. gzip, upande wa pili wa bomba (ile alama |), ikapokea hewa, ikaibana hewa ile kwa uaminifu, ikarudisha 0, yaani salama. Na sheli, programu inayoendesha amri za skripti, huangalia jibu la programu ya mwisho tu kwenye bomba. Ujumbe wa kosa ulikuwepo, lakini fundi aliyetutangulia alikuwa ameutupa kwenye /dev/null, shimo linalomeza kila kitu, ili "usisumbue".

Dawa ya kwanza ni kuandika set -o pipefail juu ya skripti: programu yoyote ikianguka, bomba zima linahesabiwa limeanguka. Skripti ianze na #!/bin/bash, maana kwenye Ubuntu sh ni dash, sheli nyingine isiyo bash, na dash za zamani hazilijui agizo hilo. Ukitaka kujua nani kaanguka, soma PIPESTATUS, orodha ya bash yenye jibu la kila programu kwenye bomba, papo hapo. Amri inayofuata huifuta. Tahadhari moja: bomba linaloishia kwa head, programu inayosoma mistari ya mwanzo tu, linaweza kurudisha 141 bila ubaya wowote, kwa sababu head imetosheka na kufunga mlango mapema.

Wengi hutegemea gzip -t, amri inayopima kama faili lililobanwa ni zima. Haisaidii hapa, faili la gzip la baiti 20 linafaulu mtihani huo. Sisi tunaandika kwanza kwenye faili la muda, tunatafuta maneno "Dump completed", ambayo mysqldump huyaandika ikimaliza, mwishoni, ndipo tunalipa jina lake halisi.

Duka lile lilirudia bakapu ya kabla ya miezi ile, mauzo yaliyobaki yakaingizwa kwa mkono kutoka kwenye daftari.

Ukitaka tukague skripti yako, tuite. Tukifika, kwanza tutaipa nenosiri la uongo kwa makusudi, tuone kama itapiga kelele.