Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mtoto aambiwe mapema F ya Hisabati inamfungia nini

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, shikamoo, na pole na majukumu.

Mimi nina steshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya. Natoa kopi, naprinti, na kila matokeo ya fomu six yakitoka mwezi wa saba vijana wanajaa hapa kuaplai vyuo na mkopo. Sio mwalimu wala sio mtu wa wizara, ila gaidibuku (vitabu vya sifa za kuingia kila kozi) za TCU, ile tume ya vyuo vikuu, nazisoma kila mwaka ukurasa kwa ukurasa, mana mtoto akichagua kozi asiyo na sifa nayo mwaka wake ndo umeondoka hivyo. Nimeamua kukuandikia wewe na sio TCU peke yao kwa sababu hili jambo linagusa TCU, NACTVET (baraza la elimu ya ufundi, wanaosimamia diploma) na NECTA (baraza la mitihani) kwa pamoja na zote tatu ziko chini ya wizara yako, kwahiyo hakuna wa kumsukumia mwenzake.

Mheshimiwa, kuna watoto wanafanya vizuri masomo yote ila linawagomea moja tu, na mara nyingi hilo moja ni Hisabati ya fomu foo. Hawa sio wachache. Kwa miaka mingi wanaofaulu Hisabati kidato cha nne wamekuwa kama mmoja kwa kila watano, mwaka 2021 hata asilimia 20 haikufika, 2023 ikapanda mpaka 25 hivi, na kufaulu kwenyewe ni kuanzia maksi 30. Sasa somo ambalo wengi wa nchi nzima wanapata F, halafu F hiyo inakuja kumkamata mtu miaka mitano au sita mbele akiwa keshasahau, lazima tulikalie chini tuliongelee.

Nikupe mfano wa tabibu mmoja kijana, anafanya kazi zahanati huko Chunya. Fomu foo alifaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia, Hisabati akapata F. Akaenda kusoma diploma ya Clinical Medicine na walimpokea bila shida yoyote, mana sifa za kuingia ni pasi nne zisizo za dini zikiwemo hizo tatu za sayansi, Hisabati na Kiingereza vimeandikwa tu kwamba ukiwa navyo ni nyongeza nzuri. Kasoma miaka mitatu, GPA yake (wastani wa alama za chuo) ni ya juu kuliko ile 3.0 inayotakiwa, kaajiriwa, anazalisha, anashona vidonda, anapiga hesabu ya dozi ya mtoto kwa kilo kila siku ya Mungu. Kaja kwangu na bahasha yake anataka kuaplai MD, yaani digrii ya udaktari. Tunafungua gaidibuku ya wenye diploma, sifa za MD pale zinasema GPA 3.0 na pamoja na hiyo uwe na angalau D ya Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza kwenye cheti cha fomu foo. Yule kijana alikaa kimya muda mrefu kisha akaniuliza, sasa mbona wakati naingia chuo hakuna aliyeniambia? Sikuwa na jibu, na ndo hilo swali nakuletea wewe Mheshimiwa.

Naomba nieleweke hapa. Sisemi udaktari ushushwe uwe rahisi, daktari asiyejua hesabu ataua watu na mimi mwenyewe na wanangu ndo tunatibiwa hizo hospitali. Ninachosema ni kwamba mlango wa diploma unamwambia Hisabati sio lazima, mlango wa digrii unamwambia ni lazima, na katikati kuna miaka ya ujana wa mtu imepita. Kama ni lazima basi aambiwe siku ya kwanza ili arisiti huku anasoma, mana angeweza kabisa kukaa mtihani kama PC (mtahiniwa wa kujitegemea) akiwa mwaka wa kwanza wa diploma hesabu bado ziko kichwani.

Na kurisiti kwenyewe sasa, hapa ndo panaponiuma zaidi. Chukulia binti wa HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) aliyemaliza fomu six, prinsipo zake (ufaulu kamili, kuanzia E kwenda juu) tatu safi, anataka uhasibu. Kozi nyingi za biashara na uhasibu zinasema kama hukusoma Advanced Mathematics basi uwe na ufaulu fulani wa Hisabati fomu foo, au uwe umepata walau S (ufaulu mdogo, chini ya prinsipo) ya BAM, ile Hisabati ndogo ya fomu six. Yeye BAM kapata F na fomu foo ana F. Matokeo yametoka Julai 2025. Usajili wa PC hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, kwahiyo wa Novemba 2025 umeshampita, anajisajili Januari 2026, anafanya mtihani Novemba 2026, majibu Januari 2027, anaaplai Julai 2027. Miaka miwili Mheshimiwa, kwa somo moja. Binti wa miaka 19 akikaa nyumbani miaka miwili mtaani kwetu unajua mwenyewe yanayotokea, wengine hawarudi kabisa na wazazi wanasema hela ya chuo tulishaitumia kwa mdogo wake.

Wakija hivyo huwa nakaa nao nawaonyesha milango iliyo wazi, maana ipo na wengi hawaijui. Sifa ya jumla ya digrii kwa waliomaliza fomu six ni prinsipo mbili zenye pointi 4, yaani D mbili zinatosha, au C na E, mradi ziwe masomo ambayo kozi inayataka. Mwenye kombi za sanaa kama HGL, HKL au HGK na F yake ya hesabu anasoma sheria, ualimu wa masomo ya sanaa, sosholojia, hakuna wa kumzuia. Mtoto wa PCB mwenye C ya Kemia na C ya Baiolojia ila Fizikia kapata S, MD haipati kwa kuwa wanataka prinsipo zote tatu, lakini ana pointi 6 mkononi, anaweza kuwa mwalimu wa Kemia na Baiolojia ambao shule zetu zinawalilia, na kozi za kilimo pale SUA, chuo kikuu cha Sokoine, zipo. Aliyekosa hizo pointi 4 kuna foundesheni (kozi ya maandalizi ya digrii) ya Chuo Kikuu Huria ukiwa na pointi 1.5 za masomo mawili, au diploma halafu GPA 3.0 inakupeleka digrii. Na tangu 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha hata baadhi ya diploma zikiwemo za afya, hilo nashukuru sana, limeokoa watoto wa wakulima wengi huku kwetu.

Lakini haya mtoto anayajua kwa sababu tu amefika kwangu. Aliyeko kijijini ambako hakuna hata mtandao anajaza alichoambiwa na rafiki yake, anakosa raundi ya kwanza, anakosa ya pili, anajua kafeli maisha wakati sifa anazo. Na gaidibuku yenyewe ni ya Kiingereza, ndefu, maandishi madogo, mzazi hawezi kumsaidia mwanae hata akitaka.

Kwahiyo ombi langu ni hili. Kwanza TCU na NACTVET wakae meza moja wapitie kozi zote, na popote ambapo sifa ya kuingia diploma ni ndogo kuliko ile itakayotakiwa huko mbele kwenye digrii iandikwe kwa Kiswahili kwenye barua ya kujiunga na chuo, kwamba bila D ya somo fulani hutaendelea na digrii fulani. Kwa matabibu ambao tayari wako kazini na wana uzoefu, uwekwe mtihani maalum wa Hisabati wa kitaifa wapimwe, atakayefaulu aende, asiyefaulu atajua moja.

Pili, na hili ndo kubwa kwangu, NECTA waweke mtihani wa pili wa Hisabati ya kidato cha nne mwezi wa tano sambamba na wa fomu six, majibu yatoke Julai kabla dirisha la vyuo halijafungwa. Hata ikianza na somo hilo moja tu inatosha. Najua kuna gharama za kutunga, kusimamia na kusahihisha, wachangie ada kama PC wanavyochangia sasa, wazazi watalipa mana bado ni nafuu kuliko miaka miwili ya kukaa.

Tatu, sasa hivi tahasusi, yaani kombi za fomu five na six, ni 65, mtoto wa fomu foo anachanganyikiwa. Mkiongea na wenzenu wa TAMISEMI, pale kwenye mfumo anapobadilisha kombi baada ya matokeo iwepo karatasi moja ya Kiswahili kwa kila tahasusi, inaonyesha digrii zipi zinatoka hapo na mwenye F ya Hisabati zipi hatazipata. Mimi niko tayari kuiprinti bure na kuibandika mlangoni kwangu, na wenye steshenari wenzangu nitawaomba.

Wako,
Mama wa steshenari, Mwanjelwa, Mbeya