Barua kwa mabinti zangu mnaoficha mimba changa

Wanangu hamjambo. Mimi ni mkunga mstaafu, nimezalisha mabinti na baadae nikawazalisha na mabinti zao, kwahiyo nisikilizeni.

Kuficha mimba changa sipingi. Jirani asijue, shoga asijue, hata wifi mwenye mdomo asijue, sawa kabisa, ila nesi mnamficha wa nini? Wengi mnakuja kliniki tumbo limeshachomoza, miezi mitano, sita, ndo mnachukua kadi, na hapo kuna kitu kimeshawapita.

Kifafa cha mimba, ile presha ya wajawazito, dalili zake tunaziona baada ya wiki 20, kichwa kinagonga hakisikii panadol, macho yanaona vimulimuli, uso unavimba, chini ya chembe panauma, lakini ugonjwa wenyewe unaanza mapema mno, pale kondo la nyuma linapojishika kwenye kizazi na mishipa ya damu isitanuke inavyotakiwa. Yani kichwa kinapoanza kuuma shida ina miezi mwilini, afu nyumbani wanasema kapandisha majini!! Jamani.

Mwaka 2017 yalitoka majibu ya utafiti unaitwa ASPRE, wa Uingereza na nchi nyingine kadhaa, kina mama 1,776 waliopimwa wakaonekana wako hatarini, nusu wakapewa aspirini miligramu 150 kila usiku kuanzia kati ya wiki ya 11 na 14 mpaka wiki ya 36, wengine kidonge kisicho na dawa. Presha ile mbaya ya kumtoa mtoto kabla ya wiki 37 iliwapata asilimia 1.6 ya waliomeza aspirini, wenzao asilimia 4.3. Kidonge cha bei ya chini vile! WHO nao wanashauri miligramu 75 kwa walio hatarini, ianze kabla ya wiki 20. Sasa anayekuja na miezi sita nimpe nini? Sindano ya magnesiamu ipo na inaokoa, utafiti wa Magpie wa 2002 kwenye nchi 33 ulionyesha inapunguza degedege kwa zaidi ya nusu, lakini hiyo tunachoma mtu ameshafika pabaya.

Msikimbilie duka la dawa lakini, mwenye vidonda vya tumbo au pumu aspirini inaweza kumdhuru.

Ukiona siku zimepitiliza na kipimo kimesema ndio, nenda kliniki kabla ya wiki 12, na usisubiri kuulizwa. Sema mwenyewe, mimba iliyopita nilipanda presha, nina kisukari, figo zinanisumbua, nimeambiwa mapacha, au hii ndo mimba yangu ya kwanza na mama yangu alipata kifafa cha mimba. Hakikisha wamekupima presha na mkojo, afu muulize nesi kama aspirini inakuhusu, na akikujibu kwa mkato omba kuonana na daktari siku hiyohiyo.