Kiungo cha ukuta hakiponi kwa kuongezewa nondo

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu kuta za zege zinazopasuka nimeisoma mara mbili. Habari ya mchanga, maji na kumwagilia imeelezwa vizuri. Lakini mwandishi alipofika kwenye kiungo, yaani pale zege la jana linapokutana na la leo, alimaliza kwa sentensi moja tu: mafundi waongeze stata, zile nondo za wima zinazoachwa zimechomoza kwenye zege la chini ili ziungane na za ukuta. Mimi ni fundi nondo, na kazi ikiongezeka ningefurahi, ila ushauri huo unatibu mguu ilhali kinachouma ni mkono.

Zege jipya halishikani na la zamani kama vile yamemwagwa siku moja. Ukuta ukisukumwa, kipande cha juu kinataka kuteleza juu ya cha chini. Uso ukiwa na makwaruzo, mtelezo huo unavilazimisha vipande viachane kidogo, nondo zinazokatiza kiungo zinavutika, na kwa kuvutika huko zinavibana vipande pamoja. Kwa hiyo nondo na uso wa zege hufanya kazi kwa ushirika, na hata hesabu yake ni moja. Kanuni za Marekani za ujenzi wa zege, ACI 318, zinaupa uso uliokwaruzwa kiasi cha milimita 6 kizidishi cha msuguano cha 1.0, usiokwaruzwa unapata 0.6. Maana yake, ukiuacha uso laini unahitaji theluthi mbili ya nondo zaidi ili ufikie nguvu ileile. Patasi na brashi ya waya vingemaliza kazi hiyo bila kununua nondo hata moja. Na katika hali zote mbili uso sharti uwe safi: ule utando wa uji wa saruji unaopanda juu zege likitulia lazima utoke.

Kisha kuna suala la nondo imekaa wapi, na hapa ndipo ninapoona makosa mengi kuliko popote. Chukua ukuta wa kuzuia udongo wenye unene wa milimita 200. Nondo kuu za wima hukaa upande wa udongo, kwa sababu huko ndiko ukuta unakovutika. Nondo ya milimita 12 ikifunikwa na zege la milimita 40, kutoka katikati yake hadi uso wa pili ni milimita 154. Stata ikiegemea ndani kwa milimita 50 tu, zinabaki 104. Karibu theluthi moja ya uwezo wa ukuta kukinza mpindo imekwenda, na mkaguzi akihesabu nondo atakuta zimetimia!

Nondo haziegemei zenyewe. Zege linaziangukia, vibreta, ile mashine ya kutikisa zege, inazigonga, mtu anazishikilia akipita. Dawa yake ni kufunga nondo za mlalo juu ya usawa ambao zege litaishia, moja kila upande, zishikwe kwa vipande vya kukatiza ili stata zisiwe na pa kwenda. Chini biskuti, vile vipande vidogo vinavyoitenga nondo na mbao, zifanye kazi yake. Hilo hufanyika kabla ya kumwaga. Wapo wanaosema watazichomeka zege likiwa bado bichi. Nondo ya kuchomeka haishikwi vizuri, wala huna uhakika imesimama wapi.

Niliwahi kufika saiti nikakuta stata zimeinama safu nzima, na kijana anawasha gesi azipashe moto azinyooshe. Nilipomzuia, msimamizi akaniambia, "Mzee, zege likishafunika nani ataona?" Nondo ikichomwa ovyo hupoteza nguvu, na ikikunjwa na kukunjuliwa inaweza kupata ufa usioonekana kwa macho. Mhandisi alipoitwa, aliagiza zege litobolewe mashimo na nondo mpya zigandishwe humo kwa gundi maalumu. Ilichukua siku kadhaa, kwa sababu ya nondo mbili za mlalo ambazo hazikufungwa.

Urefu wa stata kupishana na nondo za ukuta nao hupunjwa sana. Wengi wetu tumefundishwa mara 40 ya kipenyo, yaani milimita 480 kwa nondo ya 12 na 640 kwa ya 16, ingawa mchoro wa mhandisi ukitaka zaidi, fuata mchoro. Ila upimaji uanzie juu ya kile kijiukuta kifupi kinachomwagwa pamoja na msingi ili kuongoza mbao za kumwagia zege la ukuta. Anayeanza kupima juu ya msingi ameshapoteza kimo chote cha kijiukuta hicho.

Sasa nije kwenye picha ya ukuta mliyochapisha na makala ile. Nyufa zake ni za wima, zinaanzia kwenye kiungo na kupanda. Zege jipya hupata joto linapoganda, kisha hupoa na kusinyaa. Msingi uliokwisha kukauka unalizuia lisisinyae, nalo linapasuka. Ufa wa namna hiyo haukatizwi na stata, kwa kuwa stata nazo zimesimama wima sambamba nao. Unakatizwa na nondo za mlalo, nyembamba na zilizokaribiana, kuanzia hapo hapo juu ya kiungo. Kama mwandishi angesema hizo ndizo ziongezwe, nisingeandika barua hii.

Fundi nondo, msomaji wenu