Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama, na vijana wachache mliojaliwa kufika,

Nashukuru akidi imetimia, ingawa tumeanza saa moja na nusu baada ya muda uliotangazwa, na wawili kati ya waliotimiza akidi hiyo walikuwa wamekuja kuwachukua wake zao.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tulizika, tulioza, tulifuturu pamoja, watoto walisoma Kiswahili Jumamosi, na tuliokota taka kandokando ya ziwa kama kila mwaka. Katibu ameziandika zote, sitawachosha.

Hesabu nazo ni hizi. Daftari lina wanachama 84. Waliolipa ada kamili ya dola 60 ni 31, waliolipa nusu ni 9, na 44 hawajatoa hata senti. Makusanyo ni dola 2,130. Mfuko wa akiba ulikuwa na dola 3,400, sasa una 1,950. Mweka hazina anazo stakabadhi, na mwenye shaka amfuate yeye, asinifuate mimi msikitini wala kanisani.

Sasa nije kwenye zile dola 1,450 zilizotuletea maneno.

Kamati, kwa pendekezo langu, iliamua mada ya mwaka iwe maisha ya Lady Bird Johnson, mke wa Rais Lyndon Johnson wa Marekani, na tukodi basi wakati wa maua kwenda kwenye kituo cha maua pori chenye jina lake hapa Austin. Wapo waliosema tumeacha sherehe ya mwisho wa mwaka tukaenda kutazama majani. Wapo waliouliza: tunaye Wangari Maathai wetu, ya nini kumhangaikia mke wa rais wa watu? Mama Wangari hana mpinzani kwangu, na mwaka wake tuliufanya chini ya uongozi huuhuu. Lakini watoto wetu wanakimbia kila wiki kando ya Lady Bird Lake, ziwa la hapa jijini, na nilipouliza darasani huyo ni nani, mmoja alijibu ni ndege.

Hakukosea sana, kwani “bird” ni ndege, ila jina lake halisi lilikuwa Claudia Alta Taylor. Alizaliwa Karnack, mashariki ya Texas, tarehe 22 Desemba 1912, na lile la Lady Bird alipachikwa na yaya wake angali mdogo. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitano, akawa mtoto wa kuzurura peke yake misituni na kwenye vinamasi vya ziwa Caddo. Wanaosema alikuwa mama tajiri wa kupanda maua wakumbuke kwamba alisoma historia na uandishi wa habari Chuo Kikuu cha Texas, na kwamba mwaka 1943 alinunua redio ya KTBC kwa fedha za urithi wa mama yake. Hesabu alizijua. Natamani kamati yetu ya fedha ingekuwa naye.

Na kazi yenyewe haikuwa ya bustanini. Sheria ya kupendezesha barabara kuu aliyoipigania, iliyotiwa saini tarehe 22 Oktoba 1965, iligusa mifuko ya wenye mabango ya matangazo na wenye viwanja vya magari mabovu. Baraza la Wawakilishi lilibishana hadi usiku wa manane. Bob Dole, mbunge wa Kansas, alipendekeza, kwa kejeli, kwamba mahali palipoandikwa Waziri wa Biashara paandikwe Lady Bird. Jimbo lililokaidi lingeweza kukatwa asilimia 10 ya fedha zake za barabara. Ni kweli sheria ilitoka na matundu: maeneo ya biashara na viwanda yaliachiwa mabango, na mwenye bango la kung'olewa alilipwa fidia. Ndiyo maana mkiendesha gari leo bado mnaona wanasheria wakitabasamu kwenye mabango juu ya nguzo. Lakini bila yeye hata hayo yasingepatikana.

Kijana wetu mmoja alitoa hoja nzito zaidi: maua gani hayo wakati mabomu yanaanguka Vietnam? Akatukumbusha Januari 1968, mwimbaji Eartha Kitt aliposimama kwenye chakula cha mchana Ikulu akamweleza mama huyu uso kwa uso kuhusu vijana waliokuwa wakipelekwa vitani. Hoja hiyo naipokea, na tuliijadili nusu saa nzima. Chama hakikukusudia kumtakasa mtu. Ila kijana huyo hajalipa ada tangu ajiunge.

Mimi kilichonivuta ni alichofanya baada ya kutoka Ikulu. Desemba 22, 1982, siku aliyotimiza miaka 70, alianzisha kituo hicho cha maua pori pamoja na mwigizaji Helen Hayes, akakitolea ekari 60 na dola 125,000, ili wataalamu wachunguze maua ya asili yanaoteshwaje. Jiji lilipotaka kuliita ziwa kwa jina lake, alikataa. Likaitwa hivyo mwaka 2007, alipokwisha kufariki akiwa na miaka 94. Viongozi wa namna hiyo ni wachache, na nasema hivyo nikijua mimi mwenyewe sijawahi kuomba picha yangu iwekwe kwenye kalenda ya chama. Iliwekwa tu.

Basi lilikuwa na viti 50. Walioandikisha ni 46, waliopanda ni 19, na dereva analipwa yuleyule. Waliokuja wanajua walichokiona. Mzee wetu mmoja alichuchumaa na miwani yake mbele ya bluebonnet, ua pori la buluu la hapa Texas, mwelekezaji akamwonyesha doa jeupe juu ya ua. Ua likizeeka, doa hugeuka jekundu la zambarau, na nyuki hulipita bila kutua. Mzee alihesabu mashina mpaka akaitwa mara tatu kwenye basi.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kuotesha maua ya asili mahali fulani, tukipata kibali, mbegu na watu. Mbegu za bluebonnet hupandwa vuli, kwa hiyo kamati itakaa mapema, au angalau kabla ya baridi. Sherehe nayo itaangaliwa.

Mweka hazina amekaa mlangoni na kitabu cha stakabadhi. Chakula kitapakuliwa atakapomaliza.

Mwenyekiti