Anayeanza Kifaransa chuo kikuu aelezwe kwa Kiswahili

Mhariri,

Wanafunzi wengi wa Tanzania hukutana na Kifaransa kwa mara ya kwanza chuo kikuu, na mara nyingi sarufi yake huelezwa kwa Kiingereza. Kwa mtu anayefikiri kwa Kiswahili huko ni kumzungusha bure, na makosa mengi ya muhula wa kwanza huzaliwa humo.

Chukua umri. Anayepitia Kiingereza huandika "je suis vingt ans", kwa sababu Kiingereza hutumia kitenzi "kuwa". Mfaransa husema "j'ai vingt ans", nina miaka ishirini, kama sisi. "J'ai faim" ni nina njaa; "j'ai soif", nina kiu; "j'ai sommeil", nina usingizi. Zaidi ya hapo, kuna "je te vois", ambayo wanaoanza huiandika "je vois te". Mwalimu akiweka ubaoni "ni-na-ku-ona" juu yake, darasa huona lenyewe kwamba katika lugha zote mbili anayetendwa hutangulia mzizi wa kitenzi. Kivumishi nacho kwa kawaida hufuata nomino: "une voiture rouge", gari jekundu. Vichache vinavyotangulia, kama petit (-dogo), grand (-kubwa), bon (-zuri, -ema) na beau (-zuri wa sura), vifundishwe mapema na kwa pamoja.

Jinsia za nomino hutisha bila sababu. Aliyezoea kitabu kizuri na vitabu vizuri hahitaji kuelezwa upatanisho ni nini. Anachohitaji ni kukariri kila nomino pamoja na "un" (ya kiume) au "une" (ya kike). Aandike "une école" (shule), siyo "l'école", maana ile "l'" huificha jinsia, na mwezi wa tatu atakuwa anabahatisha.

Kiswahili hakimsaidii kwenye sauti. Sisi husoma kila herufi tunayoiona, hivyo "ils parlent" (wanazungumza) husomwa mpaka t ya mwisho, ilhali parle, parles na parlent hutamkwa sawa. "Bon" hugeuka "boni", kwa kuwa hatuna irabu za puani. Dawa ni sikio kwanza: wiki mbili za mwanzo sentensi fupi zisikilizwe na kurudiwa kabla ya kuonekana kwenye maandishi, kisha imla ya sentensi tano kila kipindi. Kwa "u" ya "tu", midomo ikae kama ya kutamka u yetu, ulimi ukae kama wa i. Asipoipata, "dessus" (juu) na "dessous" (chini) vitakuwa neno moja kinywani mwake.

Hoja kwamba hakuna vitabu haina uzito. Kitabu kibaki kilekile. Kurasa mbili za maelezo kwa Kiswahili kwa kila sura zinatosha, na istilahi tayari mwanafunzi anazo tangu sekondari.

Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubali Kifaransa kiwe lugha rasmi ya Jumuiya, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga mwaka uliofuata. Kwa hiyo hata namba zifundishwe kwa jicho la majirani: vitabu vya Paris huandika "soixante-dix" (sabini) na "quatre-vingt-dix" (tisini), lakini mhitimu wetu akifika Bujumbura au Lubumbashi atasikia namba hizohizo zikiitwa "septante" na "nonante".

Mwalimu wa Kifaransa,
Dar es Salaam