Seli hukagua umbo la protini, si kazi yake

Mheshimiwa Mhariri,

Makala ya afya katika toleo lenu la wiki iliyopita ilieleza kwamba seli huzitambua protini zisizofanya kazi na kuziangamiza. Naomba nafasi niisahihishe kauli hiyo, kwa sababu seli haina namna ya kujua kama protini inafanya kazi. Inachokagua ni umbo tu.

Protini ni mnyororo wa asidi amino unaopaswa kujikunja hadi sehemu zake zinazokimbia maji zifichike ndani. Sehemu hizo zikibaki nje, hudakwa na protini saidizi, ambazo mimi darasani huziita makungwi, kwa kuwa humweka mwari ndani mpaka awe tayari kutolewa. Katika retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa vijia ndani ya seli zinakotengenezwa protini za kwenye utando wa seli, ukaguzi huu una saa yake: protini iliyojikunja vibaya hurudishiwa glukosi, mojawapo ya sukari zinazobandikwa juu yake, ili izuiliwe na kujaribu tena, huku sukari nyingine, manosi, ikipunguzwa kidogo kidogo, na ikishapungua mno protini husukumwa nje, hubandikwa mnyororo wa ubikwitini, protini ndogo ya kutia alama, na kukatwa vipande ndani ya proteasomu, mashine ya seli ya kukatia protini. Ubikwitini yenyewe hubanduliwa ikatumika tena. Ugunduzi wa kazi yake uliwapatia Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004.

Sasa tuutazame ugonjwa wa sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu kamasi nzito. Wagonjwa wengi wana protini ya CFTR, mlango wa kupitishia kloraidi (sehemu ya chumvi) kwenye utando wa seli, ambayo kwa kawaida huwa na asidi amino 1,480, iliyokosa moja tu, ya 508. Ikifika kwenye utando, protini hiyo hupitisha kloraidi kwa kiasi fulani. Lakini karibu yote huangamizwa njiani. Seli zikikuzwa maabara katika nyuzi joto 26 hivi badala ya 37, sehemu yake hujikunja vizuri zaidi na kuruhusiwa kupita. Dawa ya mseto iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 hutumia mwanya huohuo: elexacaftor na tezacaftor huisaidia kujikunja, na ivacaftor huufungua mlango wake inapofika.

Kama seli ingekuwa inapima kazi, kama makala ilivyodai, sehemu kubwa ya protini hiyo ingeachwa ipite bila dawa yoyote.

Mwalimu wa Biolojia,
Tanga